Jinsi ya Kuzuru Nyumba ya Mnara ya Kale Nchini Uskoti: Mwongozo kwa Msafiri wa Kutoka Lamu

Vijana wa Lamu wanaokwenda kusoma Edinburgh, Glasgow au Aberdeen, pamoja na wazazi wanaowafuata kuwatembelea, aghalabu hupelekwa kwanza kwenye ngome kuu ya Edinburgh, wakapigwa picha mbele ya mizinga, kisha wakarudi mjini. Ngome hiyo inastahili kutazamwa, lakini ilikuwa makao ya wafalme na kambi ya jeshi, na ukubwa wake humfanya mgeni apite bila kuelewa watu waliishi vipi ndani yake. Mwongozo huu unahusu jengo la namna nyingine, dogo zaidi na lenye mengi ya kumweleza mtu aliyelelewa katika nyumba ya mawe: nyumba ya mnara, yaani makazi ya bwana mwenye ardhi, yaliyojengwa kwenda juu, chumba juu ya chumba, kuanzia karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17.

Uskoti ilijaa majengo haya kwa sababu zinazoeleweka. Vita na Uingereza vilivyoanza mwaka 1296 vilirudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 200, koo kubwa zilikuwa na visasi vyao wenyewe, na katika nchi ya mpakani wizi wa ng'ombe usiku ulikuwa karibu kazi ya kawaida. Mwaka 1535 Bunge la Uskoti liliwaamuru wenye ardhi kubwa katika maeneo hayo wajenge ua wa mawe na chokaa wenye futi 60 kila upande, ili watu na mifugo wapate pa kukimbilia, na ndani yake mnara kwa aliyeuhitaji. Hata hivyo, anayeingia humo akitafuta vita tu atatoka na nusu ya habari. Mnara ulikuwa nyumba: palikuwa na maharusi, watoto wachanga, ugomvi wa mirathi, wageni wa kulishwa na mpishi wa kulaumiwa. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia mpaka mwisho, ni kwamba mtu aingie kama anayepiga hodi, na katika kila chumba aulize nani aliruhusiwa kufika hapo na nani aliishia mlangoni.

Mazoezi ya macho kabla ya safari

Mtu wa Lamu hana haja ya kungoja afike Uskoti ndipo aanze kujifunza. Atenge asubuhi moja aende mtaa wa Mkomani, kwenye Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, aitazame nyumba ile kana kwamba hajapata kuiona. Aanze kwenye daka, ambapo mgeni asiye na mazoea huketishwa pasipo kuona chochote cha ndani. Apite tekani, iliyopindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Kisha avuke kiwanda, aingie msanani, chumba kirefu kinachotazama ua huo, na mwisho afike ndani kwenyewe, penye zidaka zilizonakshiwa na pasipo na njia ya mgeni wa kiume. Azingatie jinsi faragha inavyoongezeka kila anapopiga hatua. Atazame na dari: vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita 3 hivi au pungufu, kwa kuwa boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo. Fundi wa Lamu hakuchagua umbo la chumba peke yake. Mti ulimsaidia kuamua.

Baadaye siku hiyohiyo apite Ngome ya Lamu, ambayo ilianza kujengwa baada ya Vita vya Shela na kukamilika mwaka 1821. Humo hakuna daka la kumkaribisha mtu wala tekani ya kumsitiri. Kuna ua mpana, kuta nene na njia ya juu ya walinzi, na si ajabu kwamba jengo hilo lilitumika kama gereza kwa miaka mingi, hadi mwaka 1984. Nyumba ya Mkomani imejihifadhi kwa sitara; ngome imejihifadhi kwa nguvu. Nyumba ya mnara ya Uskoti imesimama kati ya hizi mbili, na raha ya kuizuru ni kupima, chumba kwa chumba, imeegemea upande upi.

Kuchagua mnara

Si vyema kukusanya minara mingi katika safari moja, kwa sababu baada ya wa tatu ngazi zote huanza kufanana. Miwili yatosha, mmoja ukiwa na paa na samani zake, mwingine ukiwa gofu, maana kila mmoja huonyesha kile ambacho mwenziwe amekificha.

Kwa mtu wa visiwani, mimi ningependekeza gofu liwe Threave. Mnara huo umesimama katika kisiwa kidogo cha mto Dee, karibu na mji wa Castle Douglas, kusini-magharibi mwa nchi. Ulijengwa na Archibald Douglas, aliyepewa lakabu ya Archibald Mkali, baada ya kupewa ubwana wa Galloway mwaka 1369, naye akafia humo mkesha wa Krismasi mwaka 1400. Hakuna daraja. Mgeni huacha gari kwenye shamba, hutembea kilomita moja na ushei kati ya malisho, hufika kwenye gati ya mbao, hupiga kengele, na nahodha humjia na mashua ndogo kumvusha. Aliyezoea kuvuka kwenda Manda hahitaji kufundishwa adabu za safari hiyo, ila aelewe kwamba huko saa hufuatwa: mashua ya mwisho ya kwenda huondoka mapema kuliko saa ya kufunga, na majira ya baridi huduma hiyo husimama kabisa. Historia ya Threave nayo ina uzito. Mwaka 1452 Mfalme James wa Pili alimuua William Douglas, bwana mwenye cheo cha Earl, kwa kisu katika ngome ya Stirling, akiwa mgeni wake, na mwaka 1455 mfalme huyohuyo akaja kuuzingira mnara wa Threave, ambao ulikuwa wa mwisho katika ngome za Wadouglas kusalimu amri. Ukuta wa chini wenye vijinara vya duara na matundu ya mizinga, uliouzunguka mnara, ulijengwa miaka michache tu kabla ya siku hizo, wakati akina Douglas walipoona kwamba baruti imebadilisha mambo.

Wa pili katika maji ni mnara wa Loch Leven, katika ziwa la jina hilo karibu na Kinross, ambako pia watu huvushwa kwa boti katika miezi ya joto. Ndimo alimofungwa Malkia Mary wa Waskoti tangu Juni 1567, akalazimishwa kutia sahihi ya kuacha ufalme mwezi uliofuata, na akatoroka tarehe 2 Mei 1568 baada ya kijana wa nyumba hiyo kuiba funguo. Mgeni asome mambo mawili hapo. La kwanza ni mlango wa asili wa mnara, ambao hauko chini bali ghorofa mbili juu ya ardhi, hata mtu akauliza walipandaje. Walipanda kwa ngazi ya mbao iliyoweza kuondolewa. La pili ni kwamba maji ya ziwa yalipunguzwa kwa makusudi katika karne ya 19, na kwa hiyo kisiwa cha leo ni kipana kuliko kile alichokijua malkia. Zile nyasi na miti ambayo watalii hukaa chini yake kula chakula chao, sehemu kubwa ilikuwa maji.

Kwa mnara wenye paa na vyombo, Crathes unafikika kwa basi litokalo Aberdeen kuelekea Banchory, jambo ambalo si dogo, kwa kuwa minara mingi iko mbali na reli. Ukoo wa Burnett uliuanza mwaka 1553 na kuumaliza mwaka 1596. Craigievar, mbali zaidi mashambani, ulikamilika mwaka 1626 kwa fedha za William Forbes, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kupeleka na kuleta bidhaa katika bandari ya Danzig, kwenye Bahari ya Baltic. Wazee wetu waliojenga majumba ya Mkomani kwa faida ya pembe na boriti wangemwelewa bwana huyu upesi. Chokaa ya nje ya Craigievar ina rangi ya waridi, na ghorofa zake za juu hazina taa za umeme mpaka leo, hivyo siku ya mawingu mazito itamnyima mgeni nusu ya alichofuata.

Threave na Loch Leven ziko chini ya taasisi ya Historic Environment Scotland. Crathes na Craigievar ni za National Trust for Scotland. Mwenye kadi ya uanachama ya moja hapati kuingia bure kwa nyingine, kosa ambalo wageni wengi hulifanya. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba katika miaka ya karibuni magofu kadhaa yamefungwa, yote au sehemu, ili mafundi wakague mawe ya juu yaliyoanza kulegea kwa mvua na umri. Mtu asifunge safari kabla ya kutazama ukurasa wa mahali penyewe, na autazame tena jioni ya kuamkia siku ya kwenda, kwa sababu upepo mkali pekee watosha kuzuia boti.

Majira, mavazi, sala na chakula

Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo ya kusafiri. Desemba jua la Edinburgh huchomoza saa 2 na dakika 40 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 alasiri, na minara mingi ya mashambani huwa imefungwa. Juni mambo hugeuka: jua hutua yapata saa 4 usiku, na mtu anaweza kufika mnarani baada ya chakula cha mchana akapata mwanga tele. Tatizo la Juni ni sala, kwa kuwa Isha huchelewa mno na Alfajiri huja upesi. Afadhali msafiri afuate ratiba ya msikiti wa karibu kuliko kujihesabia mwenyewe. Msikiti Mkuu wa Edinburgh, uliofunguliwa mwaka 1998, uko katikati ya mji, karibu na chuo kikuu. Mashambani hakuna msikiti, na asiyetaka kusali kwenye nyasi mbichi achukue mkeka wa plastiki pamoja na msala. Akumbuke pia kwamba kibla ya Lamu ni kaskazini, bali ya Uskoti ni kusini-mashariki. Mazoea ya mwili ni mabaya katika jambo hili.

Kuhusu mavazi, makubadhi yabaki nyumbani. Vidato vya ngazi za mnara ni jiwe lililolika katikati kwa nyayo za karne kadhaa, na mara nyingi huwa na unyevu. Viatu viwe vya kufunika mguu na soli ya mpira. Anayevaa buibui au kanzu achague lisilogusa ardhi, au awe na namna ya kulipandisha na kulifunga, maana ngazi humtaka mtu awe na mkono mmoja huru wa kushika kamba ya ukutani. Koti la mvua lafaa kuliko mwavuli, ambao upepo wa juu ya paa utaugeuza mara moja. Hata Julai, ndani ya kuta zenye unene wa mita 2 au 3 baridi haitoki, na wazee wavae sweta kabla ya kuingia, wasingoje mpaka watetemeke.

Chakula cha mikahawa ya minarani kwa kawaida ni supu, mikate, keki na chai. Asiyekula nyama isiyo halali asidanganywe na supu ya dengu, ambayo Waskoti wengi huipika kwa mchuzi wa mifupa ya nguruwe, aulize kwanza. Wenye hekima hubeba chakula chao, na kula nje hakukatazwi.

Kuusoma mnara, kutoka chini hadi juu

Kabla ya kuingia, mgeni auzunguke mnara mzima mara moja. Aone jinsi madirisha yalivyo membamba chini, kama nyufa tu, na yanavyozidi kupanuka juu, ambako ngazi ya adui isingefika na bwana alihitaji mwanga wa kusomea barua zake. Aone mawe yanayochomoza kwa safu chini ya ukingo wa paa, ambayo yalibeba njia ya walinzi. Akikuta tundu lenye mdomo mpana karibu na mlango, lililolala kama jicho lililofumbwa nusu, hilo ni la bunduki, na lamwambia kwamba mnara huo, au angalau sehemu hiyo, si wa karne ya 14.

Kisha atazame juu ya mlango. Waskoti wa karne ya 16 walipenda kuchonga mwaka, nembo na herufi za majina, na kwa kawaida herufi hizo ni za mume na mke, kila mmoja kwa ukoo wake. Katika mnara wa Greenknowe, karibu na kijiji cha Gordon, jiwe la juu ya mlango lina mwaka 1581 pamoja na nembo za Seton, ukoo wa mume, na Edmonstone, ukoo wa mke. Mwanamke wa Kiskoti wa zama hizo hakuacha jina la babake alipoolewa, na kwa msomaji wa pwani, ambako bibi harusi hubaki binti Fulani hadi kufa kwake, jambo hilo ni la kawaida kabisa. Ni wageni kutoka kwingine ndio hulistaajabia.

Greenknowe bado ina pia lango lake la chuma, ambalo ndilo kitu kimoja ningemshauri mtu akitazame kwa karibu kuliko vyote. Kwa mbali ni kimia cha nondo nene. Kwa karibu mtu huona kwamba katika robo moja ya lango nondo za wima zimetobolewa na za mlalo zikapenya ndani yake, na katika robo ya pembeni yake mambo yamegeuzwa, za mlalo ndizo zilizotobolewa na za wima zikapita. Kwa ufundi huo lango haliwezi kufumuliwa kwa kuvuta nondo upande wowote, wala halikuhitaji misumari. Muhunzi alilazimika kulisuka likiwa la moto, tundu kwa tundu. Anayezijua njumu na minyororo ya milango ya Lamu ataona ustadi wa mtu aliyejua kazi, ingawa hapa urembo haukuwa sehemu ya agizo.

Ghorofa ya chini kwa kawaida ni ghala lenye giza, na dari lake ni tao la mawe matupu. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na nyumba zetu. Sisi tumebeba kila dari kwa boriti; wao waliogopa moto. Adui akivunja mlango na kuwasha majani makavu, tao la mawe halikushika, na walio juu waliweza kungoja msaada. Katika baadhi ya matao chokaa imebakiza alama za mbao au fito za kigezo kilichoshikilia mawe mpaka yakauke, na tochi ndogo ikielekezwa kwa ubavu huzionyesha vizuri. Threave ina shimo la gereza, ambalo mfungwa aliteremshwa kwa juu. Hakuna mengi ya kuona humo, na watoto hulifurahia kuliko inavyostahili.

Ngazi ni ya kuzunguka, imejengwa ndani ya unene wa ukuta au katika kona. Mtu apande upande wa nje, ambako kidato ni kipana, na akisikia sauti za wanaoshuka asimame kwenye mlango wa ghorofa iliyo karibu awapishe, kwa kuwa watu wawili hawapishani humo bila mmoja wao kubanwa. Mzee mwenye magoti mabovu aulize mapema kama kuna ngazi ya pili, maana kushuka ni kugumu kuliko kupanda.

Ukumbi wa ghorofa ya kwanza ndio moyo wa nyumba, na hapo mtu asiwe na haraka. Ajiulize mlango uko upande gani, kwa sababu upande wa mlango ulikuwa wa watumishi na wa watu wa kawaida, na upande wa mbali, kwa kawaida karibu na moto na dirisha zuri, ulikuwa wa bwana na wageni wake. Hakuna kuta za kutenganisha, lakini mpaka ulikuwepo, na kila aliyeingia aliujua, jinsi mgeni wa Mkomani anavyojua pa kuishia bila kuambiwa. Ndani ya unene wa ukuta, pande mbili za dirisha, kuna viti vya mawe vinavyotazamana. Wanawake walikaa hapo kushona, maana ndipo palipokuwa na mwanga. Vidaka navyo vipo, ingawa havina nakshi ya chokaa kama vyetu: ni vishimo vya mraba ukutani, na kile kidogo kilicho karibu na moto kilikuwa cha chumvi, isipate unyevu.

Katika gofu sakafu za mbao zimeoza na kutoweka, na mgeni akisimama chini anaona meko za mawe zikining'inia ukutani moja juu ya nyingine, hazina chumba. Wengi hupiga picha wakapita. Anayetaka kuelewa atafute safu za matundu ya mraba au mawe yanayochomoza kwa usawa mmoja, ambayo ndiyo yalishikilia boriti, kisha ajenge upya kila sakafu kwa macho. Mtoto wa Lamu aliyewahi kuingia katika nyumba iliyoanguka dari huko Mkomani amekwisha kuifanya kazi hii bila kujua. Upana wa chumba utamshangaza: mwaloni hubeba mbali kuliko mkoko, na ukumbi wa mnara unaweza kuwa mara mbili ya msana wetu kwa upana.

Choo kiko katika kona, kwenye kijia kilichopinda ndani ya ukuta, kiti cha jiwe au cha mbao juu ya mfereji unaoshuka hadi nje. Kimepinda kwa sababu ileile inayoipinda tekani. Lakini birika la maji halipo, na upepo wa Januari ulipanda kwa mfereji huo bila kizuizi. Katika jambo hili nyumba ya mwungwana wa Lamu ilikuwa mbele, na sioni sababu ya kuwa wapole kulisema.

Ghorofa za juu zilikuwa za kulala, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo anavyokaribia siri za nyumba. Pale Crathes baadhi ya dari za juu zina michoro ya rangi juu ya mbao na boriti, iliyofanywa mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, ikafunikwa baadaye na kugunduliwa tena katika karne ya 19. Katika chumba kimoja wamechorwa mashujaa tisa wa kale, na msomaji atawatambua Iskandari na Nabii Daudi, wakiwa wamevishwa mavazi ya kivita ya Ulaya na maandishi ya Kiskoti cha kale yakitembea kando ya boriti. Hapo inafaa kulala chali kwenye zulia kama mhudumu ataruhusu, na mara nyingine huruhusu. Kuhusu picha za kamera, aulizwe yeye kabla, na mwangaza wa kamera uzimwe hata akiruhusu.

Hadithi za wahudumu, na chokaa

Wahudumu wa minara wengi ni watu wa kujitolea, wazee wa eneo hilo, wanaoipenda kazi na kuzungumza kwa furaha na mgeni anayeuliza swali la maana. Watasema kwamba ngazi huzunguka kulia ili mlinzi aliye juu awe na nafasi ya kutumia upanga kwa mkono wa kulia, na kwamba ukoo wa Kerr, waliokuwa wa mkono wa kushoto, walizigeuza zao. Ni hadithi tamu, lakini wataalamu wengi wa majengo haya hawaikubali. Watamtaja bibi wa kijani, mzimu wa Crathes. Threave wataonyesha jiwe linalochomoza juu ya mlango na kusema watu walinyongwa hapo. Mgeni asikilize kwa adabu, kama anavyosikiliza habari za majini ya magofu ya Takwa, kisha aulize maswali ambayo jibu lake liko ukutani: maji yalitoka wapi, chakula kilipikwa wapi, nani alilala karibu na mlango.

Swali moja litawafungua wengi wao, nalo ni la chokaa. Katika karne iliyopita minara mingi ilizibwa nyufa kwa saruji, kama zilivyofanyiwa nyumba kadhaa za Lamu, na matokeo yakawa yaleyale: saruji haipumui, unyevu ukanaswa ndani ya ukuta, jiwe likaanza kumomonyoka nyuma ya kiraka kilichobaki kigumu. Sasa mafundi wao wanachokoa saruji hiyo na kurudisha chokaa, kwa gharama kubwa na kwa kungoja miezi isiyo na jalidi. Mtu wa Lamu ana la kuchangia katika mazungumzo hayo, kwa kuwa chokaa yetu hutoka katika matumbawe yaliyochomwa kwa moto wa kuni na yao hutoka katika mawe ya chokaa, lakini subira ya fundi ni ile ile, na mhudumu hukumbuka mgeni aliyemweleza jambo asilolijua.

Minara isiyo na mlinzi

Yapo pia magofu yaliyo katikati ya mashamba ya watu, hayana tiketi wala kibao. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kutembea kwa uangalifu katika mashamba na vilima, hata vya watu binafsi, lakini haki hiyo haihusu kuingia ndani ya majengo wala kwenye bustani ya nyumba ya mtu. Gofu litazamwe kwa nje, mbali na kuta, kwa kuwa jiwe la juu halitoi taarifa. Mazao yasikanyagwe. Geti lililokutwa limefungwa lifungwe tena, lililokutwa wazi liachwe wazi, na pakiwa na ng'ombe wenye ndama, mgeni azunguke mbali nao hata kama njia yenyewe inapita katikati ya kundi.